Mchoro Uliochanwa Daftarini

Jina la Jicho hakupewa na mama yake, alipewa na foleni. Watu waliokaa kwenye benchi la korido ya zahanati, kila mmoja na kikopo chake cha mkojo amekiviringisha karatasi kwa aibu, walikuwa wakimchungulia kupitia kidirisha cha maabara na kumwona ameinamia darubini, jicho la kushoto kalifumba, la kulia kalibandika kwenye lenzi kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Darubini ya zahanati ilikuwa na matundu mawili, kwa ajili ya macho mawili, ila yeye alijifunzia chuoni kwenye darubini kuukuu ya tundu moja, na kwa miaka ishirini na miwili ya kazi hakuna aliyefanikiwa kulifungua lile jicho la kushoto. Basi akawa Jicho. Wakubwa wakamwita Mzee Jicho, wagonjwa wakamwita Daktari Jicho, na mkewe, siku akiwa na furaha, Jicho langu.

Sifa yake kubwa ilikuwa kasi. Ulikuwa hujarudi kukaa vizuri kwenye benchi, majibu yako yameshatoka. Na yalitoka kwa sauti. Kati ya maabara na chumba cha Tabibu palikuwa na ukuta mwembamba wenye kidirisha kingine, kilichotobolewa zamani kwa ajili ya kupitishia fomu. Fomu zilikuwa zikiadimika kila mara, na hata zikiwepo, kunyanyuka kuzipitisha kulipoteza muda. Kwa hiyo Jicho alipaza sauti tu, bila hata kuinua kichwa: “Malaria, hakuna! Sukari, moja! Usaha, mbili!” Upande wa pili Tabibu aliandika kwenye kadi alichokisikia, akatoa dawa, mgonjwa akaondoka. Benchi zima lilisikia. Siku moja mzee mmoja wa heshima zake alitangaziwa “Usaha, tatu!” na alipotoka, kijana mmoja akasimama na kusema, “Mpisheni mzee wa tatu apite!” Watu wakavunjika mbavu, na mzee mwenyewe hakurudi tena pale mpaka leo.

Hakuna aliyeona ubaya. Ndivyo ilivyokuwa, na jambo likishakuwa ndivyo lilivyo, hupata heshima ambayo halikuitolea jasho. Fomu yenyewe ilikuwa na kisanduku kimoja cha upana wa ukucha kilichoandikwa “Seli za usaha”, na ndani yake uliruhusiwa kuweka alama ya kujumlisha moja, mbili au tatu. Ni nani aliyekata shauri kwamba yote yanayotoka mwilini mwa mtu yataenea kwenye kisanduku cha upana wa ukucha? Jicho hakuwahi kuuliza. Alikuwa mtu mwema, hakuiba kemikali, hakunywa kazini, hakumdharau mgonjwa. Alikuwa na haraka tu.

Ila alikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na haraka. Kwenye mtoto wa meza aliweka daftari la kurasa mia mbili, la jalada gumu, na penseli mbili zilizochongwa vizuri. Mwalimu wake wa chuoni, mwanamke mkali asiyecheka, alikuwa akiwaambia, “Kama hukukichora, hukukiona,” na kila Ijumaa aliwakusanyia michoro yao na kuitia wino mwekundu. Wenzake waliacha kuchora siku ileile waliyopewa vyeti. Jicho hakuacha. Akikutana na kitu cha ajabu kwenye kioo, fuwele yenye umbo la jeneza, yai la mdudu, seli yenye mkia, alisubiri saa ya chai, akachora, akatia kivuli kwa ncha ya penseli, akaandika tarehe. Daftari lile lilikuwa fahari yake, na karibu hakuna aliyewahi kulifungua.

Aliyelifungua ni mtu mmoja tu, Mama Deki.

Mama Deki ndiye aliyepiga deki zahanati nzima, korido mbili, vyumba saba na choo cha wagonjwa ambacho wengine walikipita wameziba pua. Pia alimwoshea Jicho vile vipande vya vioo, slaidi, kwa sababu vilikuwa vichache na vilibidi kurudiwa. Kila asubuhi kabla benchi halijajaa aliingia maabara, akakaa kwenye kigoda cha pekee kilichokuwapo, akamwacha mwenye chumba amesimama, akanywa chai yake. Halafu alitoa kwenye mfuko wa aproni kipakiti, akameza vidonge viwili vya maumivu.

“Goti langu nalo lina kifungua kinywa chake,” alisema kila siku, tangu mwaka ule goti lilipoanza kumsumbua.

“Hilo goti linakula kuliko wewe,” Jicho alimjibu.

“Ndilo linalofanya kazi. Wewe unafanya kazi kwa jicho moja, jingine umelipa likizo.”

Wakacheka, akachukua beseni la slaidi, akaenda zake.

Jumatano moja aliingia akiwa hana chai. Uso ulikuwa umemchakaa, akajishika kiuno.

“Kaka, tangu juzi mwili hauko sawa. Kiuno kinauma huku nyuma, chakula nakiona kama karatasi. Tabibu kasema nilete hii.” Akatoa kikopo kwenye mfuko wa aproni. “Ya kwangu. Usiitangaze kama mnadani.”

“Nitanong'ona, dada.”

Benchini kulikuwa na watu kumi na tisa. Jicho aliutia mkojo kwenye mashine ya kuzungusha, akachukua tone la chini, akalibandika kwenye kioo, akainama. Seli nyeupe zilikuwa zimejaa kama watu mlangoni pa mkutano. Akasogeza kioo kidogo, na hapo akaziona. Katikati ya zile seli zilizotawanyika, palikuwa na nyingine zilizoshikamana, zimepangana kwa mstari mrefu wa mviringo, kama punje zilizojazwa ndani ya bomba na kisha bomba likavuliwa. Moja, mbili, tano. Akatafuta vijidudu, hakuona hata kimoja.

Alijua anachokitazama, na hilo ndilo lililokuja kumtesa. Alijua pale pale, kwa uwazi kabisa, kwamba seli nyeupe hazipati umbo la bomba zikiwa kwenye kibofu. Hulipata kwenye vimirija vya figo, vile vyembamba kuliko unywele, zikabanana humo mpaka zikachukua umbo la mrija wenyewe. Maana yake figo ndiyo iliyovamiwa, tena na seli za mwili wenyewe, bila kijidudu cha kulaumiwa. Alikumbuka hata ukurasa wa kitabu, upande wa kushoto, chini.

“Jicho!” Sauti ya Tabibu ilipenya kidirishani. “Ya Mama Deki vipi? Foleni inanifia hapa!”

Hapo alikuwa na nafasi ya kunyanyuka. Palikuwa na hatua nne mpaka mlango wa Tabibu. Alikuja kuzihesabu baadaye, zaidi ya mara moja.

“Usaha, tatu!” alipaza.

Benchi likaangua kicheko. Mama Deki akagonga ukuta kwa mpini wa deki. “Nilikuambia nini, wewe mwanamume!” Naye akacheka huku ameshika kiuno, na Jicho akacheka, akachukua kikopo cha mtu wa pili.

Saa ya chai kioo cha Mama Deki kilikuwa bado pembeni. Akakirudisha chini ya lenzi, akafungua daftari, akachora. Alitumia dakika kumi na mbili. Ulitoka mchoro mzuri kuliko yote aliyochora mwaka ule, kila seli na kiini chake, kila bomba na kivuli chake. Akaandika tarehe, akaandika “M. Deki”, akaupuliza vumbi la penseli, akafunga.

Tabibu, kwa kuwa alisikia usaha tatu, alimwandikia Mama Deki sindano za siku tano za kuua vijidudu. Kwa ajili ya kiuno alimwambia, “Vile vidonge vyako vya goti, ongeza viwe vitatu, asubuhi na jioni, mpaka maumivu yatulie.” Mama Deki akatii. Alikuwa mtu wa kutii daktari.

Alhamisi alipiga deki. Ijumaa alipiga deki taratibu. Jumamosi alikaa kwenye kigoda baada ya kila chumba. Jumatatu asubuhi kigoda kilikuwa kitupu, na muuguzi wa mapokezi akasema Mama Deki amepelekwa hospitali kubwa tangu jana, miguu imevimba haiingii viatuni, na mkojo umegoma kutoka.

Jicho aliingia maabara, akafunga mlango, akafungua daftari. Mchoro ukamtazama. Kila kitu kilikuwa pale kwa mkono wake mwenyewe, na tarehe yake. Mtu mwingine angeweza kusema sikuona. Yeye alikuwa amejinyima hata uongo huo.

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Alikwenda hospitali kubwa siku ya Ijumaa.

Siku zile nne alizitumia kujipa moyo. Jumatatu alijiambia kwamba kule wana mashine, wana mabingwa, wataona wenyewe bila kuambiwa na mtu wa kizahanati. Jumanne Tabibu alimpitia, akaegemea mlango na kusema, “Unaona ule usaha ulivyopanda kwenye figo? Tulifanya tulichoweza, lakini wapi,” na Jicho akajibu “Ndiyo.” Jumatano aliosha slaidi mwenyewe. Hakujua kwamba maji ya lile bomba la nyuma ni ya baridi kiasi kile, wala kwamba vidole vinakufa ganzi kabla ya kioo cha kumi. Kwa miaka yote hiyo Mama Deki hakuwahi kulisema.

Nyumbani mkewe alimwona anazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho chai yake imekwisha.

“Una nini?”

“Uchovu.”

“Uchovu haukorogi kikombe kitupu. Una nini?”

Akamwambia kwamba Mama Deki ni mgonjwa. Hilo halikuwa uongo. Mkewe akasikitika, akasema twende tukamwone, na Jicho akasema atakwenda, ngoja nafasi ipatikane. Nafsi ilimsuta mpaka akaona haya kumtazama mke wake usoni.

Alhamisi, saa ya chai, aliuchana ule ukurasa. Aliuchana kwa uangalifu, kwenye mshono, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni, akaenda nyuma ya jengo kwenye shimo la kuchomea taka. Moto wa asubuhi ulikuwa haujazimika. Kwenye msumari ukutani, pembeni ya shimo, zilining'inia glavu za Mama Deki, zile nene za manjano, vidole vimejikunja kama mikono iliyokuwa imeshika kitu. Jicho alisimama pale na karatasi mkononi. Watu husema mtu akifikia hapo husikia sauti ya ndani. Yeye hakusikia chochote. Aliona tu jinsi alivyo: mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mwenye cheti, anataka kuchoma figo ya mfagiaji ili jina lake lisichafuke. Akaikunja tena karatasi. Akarudi ndani.

Ijumaa aliomba ruhusa, akaenda.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko yeye, mwenye maneno ya mkato na kalamu tatu mfukoni. Alimpokea koridoni, wamesimama.

“Wewe ni ndugu wa mgonjwa?”

“Hapana, daktari. Mimi ndiye niliyempima mkojo kule alikotoka.” Akakunjua karatasi. Akaishika kwa mikono miwili. “Barua mliyoletewa inasema maambukizi. Si maambukizi. Niliona hivi.”

Daktari akaichukua. Akaisogeza dirishani penye mwanga.

“Nani kachora?”

“Mimi.”

“Vijidudu?”

“Havikuwepo hata kimoja.”

“Sisi tulipouotesha mkojo wake kutafuta vijidudu hakuna kilichoota, tukadhani sindano zimeshaviua. Na sasa anatoa matone tu, si rahisi kuona kitu.” Akainua macho. “Tulimuuliza kama kuna dawa anayotumia. Akasema hakuna.”

“Anameza vidonge vya maumivu, daktari. Miaka mitatu sasa. Wiki hiyo aliongezewa. Yeye haviiti dawa, anaviita vya goti. Mkimuuliza dawa atasema hana. Muulizeni goti linakula nini.”

Daktari alishageuka. Alimwita muuguzi, akataja vitu vinne kwa mfululizo, vidonge vikomeshwe, sindano ikomeshwe, sindano ya kuchukua kinyama cha figo iandaliwe kesho asubuhi, mashine ya kusafisha damu iwe tayari. Aliporudi alimkuta Jicho bado amesimama palepale.

“Mzee, kaa. Unajua kinachotokea mle ndani?”

“Nilisoma zamani.”

“Mwili umekidhania kidonge kuwa ni adui kwenye figo. Seli nyeupe zimemiminika, na zile za kwanza kufika kazi yake ni kubomoa. Zinachoma hovyo, vimirija vinaumia, vinakufa. Nyuma yake zinakuja seli walaji, zile kubwa, zinakula mabaki. Halafu kuna jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Sababu ikiondolewa mapema, zile zile zilizokuwa zinabomoa hubadilika. Zinatuliza wenzao, zinaita ujenzi, vimirija vinaota upya. Lakini sababu ikibaki, ukiendelea kuzichokoza, zinakaa palepale zinajenga kovu. Kovu halichuji damu.”

“Mapema ni lini?”

“Tunahesabu kwa siku.” Akautazama tena mchoro, akapitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi. “Mbona imechanwa?”

“Ilichanika... kwenye mfuko.”

“Na uliiona lini hii?”

“Jumatano ya wiki jana. Nimekuja kuikumbuka jana.”

Daktari alimtazama kwa muda. Hakusema kwamba anadanganya. Alisema, “Basi ni bahati umekumbuka. Hizi seli hazimngoji mtu akumbuke,” akaingia wodini na karatasi yake.

Kinyama cha figo kilionyesha kilekile. Wakamwanzishia Mama Deki vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, wakamfunga kwenye mashine mara mbili. Siku ya sita mkojo ukatoka, nusu kikopo, na wodi nzima ikapiga vigelegele kwa nusu kikopo kile kana kwamba ameolewa mtu.

Jicho alizipata habari hizo kutoka mapokezi. Akafurahi, akaketi, akalia kidogo, akajifuta na koti la kazi. Halafu akaona kwamba furaha ile nayo inataka kumfanyia ujanja. Alikuwa ameshaanza kusema moyoni, amepona, yameisha, ya nini kufukua? Aliijua njia hiyo. Alikuwa ameipita siku nne.

Alianza na Tabibu. Alimwendea kwa zile hatua nne, akasimama mezani kwake, akamweleza yote.

Tabibu akapauka. “Na umekwenda kuwaambia hospitali kubwa? Bila kuniambia? Unataka kutuzika wote wawili?”

“Aliyekaribia kuzikwa ni Mama Deki.”

“Mimi niliandika ulichonitajia!”

“Ndiyo. Ndiyo maana kuanzia leo sikutajii tena. Nitakuandikia, na nikiona kitu kisichoenea kwenye kisanduku nitakuandikia chini yake, hata kama ni ukurasa mzima. Na wewe utanisubiri.”

“Foleni itafika barabarani!”

“Acha ifike.”

Alasiri ile alichukua ubao na misumari minne, akakiziba kile kidirisha cha ukutani. Aligonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akaenda wodini. Mama Deki alikuwa ameegemea mto, amepungua, shingo imekuwa nyembamba, lakini mdomo ulikuwa palepale.

“Jicho! Nimeambiwa umenichora. Nchi nzima imeona picha yangu isipokuwa mimi.”

Ile karatasi ilikuwa kwenye faili lake, chini ya kitanda. Jicho akaitoa, akampa. Mama Deki akaigeuza juu na chini.

“Ndiyo mimi huyu?”

“Ndizo seli zako. Hizi zilitoka ndani ya figo.”

“Daktari kanieleza. Anasema zilikuja kusafisha, zikavunja nyumba.” Akacheka taratibu, kwa kuogopa kiuno. “Nikamwambia hiyo ni kama deki. Ukimwaga maji mengi na ukayaacha, sakafu inaoza. Kufagia bila kujua kuacha ni kuharibu.”

“Dada...”

“Umeichora vizuri. Ilikuchukua muda.”

“Dakika kumi na mbili.”

Kicheko kikamfutika usoni. “Siku ileile? Siku uliyonitangaza?”

“Saa ya chai.”

Aliupima ukingo wa karatasi kwa kidole, kama daktari alivyofanya. Mikono iliyoosha vioo maelfu ilijua kitu kilichovunjika chenyewe na kitu kilichovunjwa.

“Daftari lako nalijua. Hulichani. Nimeletwa huku Jumapili, daktari anasema ulikuja Ijumaa.” Akainua macho. “Ulijua lini?”

Jicho alikuwa na jibu tayari. Jibu lilikuwa limeshampitisha mbele ya daktari mzima. Alihisi liko mdomoni, laini, limezoea njia.

“Siku ileile, kwenye kioo,” alisema. “Na Jumatatu, niliposikia umeletwa, ningeweza kuja. Nilifungua daftari nikaliona tena. Niliogopa kupoteza kazi. Niliogopa kuchekwa. Alhamisi niliuchana ukurasa ili nikauchome. Nilifika mpaka shimoni.”

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Mama Deki aliiweka karatasi juu ya shuka, akailainisha kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Kisha akajigeuza kuelekea ukutani, kwa shida, mpira wa dripu ukamfuata.

“Nenda,” alisema.

“Dada, nisa...”

“Usiniombe kitu leo. Sina cha kukupa. Nenda.”

Akaenda. Siku ileile alipitia kwa daktari wa figo, akamwambia kwamba ile ya kukumbuka jana haikuwa kweli. Daktari akasema, “Nilijua,” akaandika kitu kwenye faili, na barua ya malalamiko ikafika kwa mkuu wa zahanati kabla ya mwezi kuisha. Jicho alihojiwa, akapewa onyo la maandishi. Hakuna aliyemfukuza. Kuna jioni alizotamani wangemfukuza.

Wiki saba zilipita. Foleni ilifika barabarani kweli, watu wakamlaani Jicho, wakasema amezeeka, amerogwa na nani, arudishiwe kasi yake. Akavumilia. Asubuhi moja, alipochungulia benchini kuita mtu wa tano, mtu wa tano alikuwa Mama Deki. Hakuwa amevaa aproni. Alikaa katikati ya wengine, kikopo kimeviringishwa karatasi, na alipofikiwa alikipitisha kidirishani bila neno.

Jicho alizungusha, akabandika, akainama. Alisogeza kioo safu kwa safu, kutoka pembe hadi pembe, na aliporudi mwanzo akaanza tena. Nje mtu alipiga mluzi wa kuchoka. Seli nyeupe zilikuwa chache, za kuhesabika. Palikuwa na mrija mmoja tu, mtupu, mweupe kama kioo. Akaandika vyote, akaambatanisha karatasi ya damu iliyokuja na barua ya daktari, akatoka nje mwenyewe mpaka benchini, akachuchumaa mbele yake ili aseme kwa sauti ya watu wawili.

“Uvamizi umeisha, dada. Figo zimerudi.”

“Zote?”

“Damu inasema zinafanya kazi theluthi mbili.”

“Na theluthi nyingine?”

“Imekuwa kovu.”

Mama Deki akaitazama karatasi. “Ya siku zile nne?”

“Daktari anasema ni ya mambo mengi. Vidonge, sindano, zile siku za mwanzo...”

“Nakuuliza wewe.”

Jicho aliona benchi zima limegeuza shingo. Alikuwa amenuia kunong'ona. Akajikuta anasema kwa sauti ileile iliyokuwa ikipenya ukuta:

“Sehemu ya kovu ni ya siku zile nne. Ni ya kwangu.”

Mama Deki alikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani, akasimama kwa kujishika ukuta. Goti lake sasa halikuwa na kifungua kinywa, na ilionekana.

“Narudi kazini Jumatatu,” alisema. “Sakafu nitapiga. Kigoda changu kikae palepale, ukikikalia nitakumwagia ndoo.” Akapiga hatua mbili, akageuka. “Slaidi utaosha mwenyewe.”

“Ninaosha, dada.”

“Mpaka nitakapokuambia.”

Akaenda zake akichechemea, akiipita kwa pembeni ile sehemu ya sakafu ambayo ilikuwa haijakauka. Jicho alirudi ndani. Kwenye beseni, vioo vya asubuhi vilikuwa vimelala chini ya maji, na kumi na sita walikuwa bado benchini.

“Mzee Jicho!” mtu akaita. “Leo tutatoka kweli?”

“Mtatoka,” alisema, akachukua kikopo kilichofuata, akasoma jina la mwenyewe mpaka mwisho.